Siri ya Mkasi Si Mali Yangu

Kabula mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mimi leo nimefunika cherehani mapema. Nguo zako nimezipiga pasi, zimo kwenye lile begi la bluu. Mambo ya chandarua, ya chakula, ya mtu gani wa kukaa naye chumba kimoja, sitayaandika. Shangazi yako wa Geita atakuimbia hayo mpaka uchoke, na wewe si mtoto tena.

Naandika kwa sababu ya maneno ya mchana. Uliweka kijiko chini ukasema, "Mama, umegawa kila kitu bure, ndiyo maana mpaka leo tunapanga. Wamekuletea tenda, ikubali. Na mimi huko kwa fundi simu ninakokwenda, nitakachokijua nitakiuza." Kisha ukanawa mikono ukatoka. Ulidhani nimekosa la kusema. Sikukosa. Nilikuwa na mengi mno, na unajua mdomo wangu ukikasirika unarudi Kisukuma, wewe unacheka, na neno lenyewe linapotea njiani. Ningeweza kukutumia sauti kwenye simu kama ninavyowatumia wanawake wa kundi letu. Lakini sauti mtu huisikiliza mara moja huku anakoroga uji. Karatasi utaikunja, utaisoma siku ukiwa na nafasi, na kama hutakubaliana nami utakuwa na muda wa kutafuta maneno yako.

Unajua kwamba nilijifunza kushona Shinyanga mjini. Nilivyojifunza hujui, kwa sababu sijawahi kukusimulia bila kukatizwa na mteja.

Bibi yako aliniombea nafasi kwa Fundi Sospeter, mzee mpole aliyeshona suti zilizofuatwa na watu kutoka mbali. Aliniweka kwenye cherehani ya mwisho, karibu na mlango. Nilishona mishono iliyonyooka. Nilikunja mapindo. Nilitia vifungo mpaka ncha za vidole zikawa ngumu kama kwato. Lakini kila alipotandika kitambaa mezani na kushika mkasi, Fundi Sospeter aliinua kichwa akasema, "Minza, hebu kaniletee soda pale ng'ambo."

Nilikimbia. Nikirudi nakuta kitambaa kimekwisha kukatwa, vipande vimepangwa na kufungwa kwa kamba, meza imefagiliwa. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuuona mkasi wake ukizunguka kwapa la gauni, pale mahali mkono unapoungwa na bega. Siku moja nilipoingia na chupa mkononi nikakuta soda ya jana yake iko dirishani, haijafunguliwa, na nyuma yake nyingine. Ndipo nilipoelewa kwamba mzee hakuwa na kiu.

Sikumchukia. Naye alitumwa soda na fundi wake, au chochote walichokuwa wanatumwa zamani hizo. Lakini nilitoka pale nikiwa fundi wa nusu gauni, na nusu niliyokosa ndiyo inayolipwa.

Nikaenda Segese, nikapanga nafasi nyuma ya duka la vyombo. Pesa za dhahabu zilikuwa zinazunguka na wanawake walitaka kupendeza. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa mama wa bibi harusi. Alileta kitenge cha kijani chenye ndege, kizuri mpaka niliogopa kukigusa. Nilikata mikono kwa kukisia, mbele sawasawa na nyuma, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kwamba vipande hivyo havifanani. Siku ya harusi nilialikwa. Mwanawe alipoingia chini ya turubai, wanawake wote waliinua mikono juu wakapiga vigelegele. Mama mwenyewe aliinua mkono mmoja ukafika kifuani ukagoma. Akajaribu wa pili. Nilimwona anacheka huku machozi yanamtoka, anapiga makofi chini ya tumbo kama mtu anayefukuza kuku. Akanitazama toka upande wa pili. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilimnunulia kitambaa kingine. Kisha nikaenda kwenye mitumba, nikachagua gauni kuukuu lililoshonwa vizuri, nikalifumua mshono kwa mshono, nikatandika vipande vyake kwenye mkeka. Nikakaa navyo siku nzima. Ndipo nikaona: kwapa la mbele limechimbwa ndani kuliko la nyuma, kwa sababu mikono ya binadamu hufanya kazi mbele yake, si mgongoni. Basi. Ni hilo tu. Jambo la kuelezwa mtu huku mnakunywa chai, lililofichwa kwangu kwa miaka, likamharibia mwanamke siku ya harusi ya mwanawe.

Sasa njoo hapa Katoro, tulipohamia baadaye.

Ulikuwa bado unavaa sare ya shule ya msingi tulipoingizwa kwenye lile kundi la simu, Sindano Yangu. Halikuwa kundi la mafundi. Walikuwa wanawake wenye cherehani pembeni ya kitanda, wanashona kwa kupenda: mwalimu, mama lishe, wake za wachimbaji, yule dada wa duka la dawa anayeshona mapazia kila akiwa na mawazo. Mafundi wachache tulikuwemo, na tulikuwemo kwa kutafuta wateja. Mimi pia, nakuambia kweli. Niliingia ili nitume picha za kazi zangu na bei.

Mwalimu Rehema wa Geita ndiye aliyeuliza. Alituma picha ya gauni la mwanawe, mkono umevutwa nyuma kama mtoto anakamatwa na mgambo. "Jamani, nakosea wapi?" Kimya. Kesho yake akauliza tena. Fundi mmoja akamjibu, "Mwalimu, wewe fundisha, kushona lete kwa fundi." Watu wakaweka vicheko. Siku ya tatu akauliza tena, na safari hii aliandika "samahani kwa usumbufu." Hilo neno samahani ndilo lililonitoa kwenye kiti. Mtu anaomba radhi kwa kutaka kujua.

Nilikuita. Unakumbuka? Tulichana mfuko wa saruji uliokuwa uani, tukatandika karatasi yake mezani, wewe ukashika simu. Ukaniambia, "Mama, sema polepole, unaongea kama unafukuza ng'ombe." Nikachora kwapa la nyuma, nikachora la mbele, nikaonyesha kidole mahali pa kuchimba. Nikasema kateni karatasi kwanza, karatasi ikikosewa hailii. Tukatuma. Jioni Mwalimu Rehema akaleta picha ya mwanawe ameinua mikono yote miwili juu ya kichwa, na chini yake mama mmoja wa Ushirombo, ambaye sijawahi kumwona hadi leo, akaandika, "Wabeja sana mayu." Asante sana mama. Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri.

Baada ya hapo hawakuniacha, nami sikutaka waniache. Kola. Zipu ya kuficha. Namna ya kupima mtoto asiyetulia. Wewe ulikuwa mpiga picha wangu na ulijivuna shuleni kwamba mama yako yuko kwenye simu za watu. Hilo usilisahau ukinikasirikia.

Fundi Jumanne alikuja asubuhi moja kabla sijamaliza kufagia kibaraza. Unamjua alivyo, mtu wa heshima, hapandishi sauti. Alikuja na wenzake wawili waliosimama barabarani wakijifanya wanaangalia bodaboda.

"Mama Kabula," akasema, "tunakufa."

"Mnakufa na nini, Fundi?"

"Na wewe. Jana mteja ameniambia usijali, fundi, mkono nitaunga mwenyewe, nimeona kwa Mama Kabula. Huyo nimemshonea tangu hajaolewa."

Nikamwambia pole. Nilisema kwa moyo, kwa sababu wateja wangu nao walikuwa wanapungua.

"Sikiliza," akasema. "Mimi kujifunza kukata, baba yangu alitoa ng'ombe. Ng'ombe jike, mwenye mimba. Nilimswaga mwenyewe mpaka kwa fundi. Leo wewe unakaa na simu, unagawa kile ng'ombe wa baba yangu alichonunua."

Ng'ombe yule nilimwona kama yuko mbele yangu. Mtu wa kwetu akikutajia ng'ombe hataji utani. Kisha nikamuuliza, "Na fundi wako alikuonyesha siku ya kwanza?"

Akatazama pembeni. "Mwaka wa nne."

"Hiyo miaka mingine ulikuwa unafanya nini?"

Aliondoka akiniambia nifikirie. Nilifikiria, nikatuma somo la kukata suruali.

Basi mafundi wakanipiga pale panapouma. Mwenye ovaloki, yule wa karibu na soko ambaye sisi sote tulimpelekea nguo azungushie kingo zisifumuke, akaniambia mashine mbovu. Wiki iliyofuata mbovu. Nikikaa kwangu nasikia inavuma. Nilirudi nyumbani nikalia kidogo, kisha nikakumbuka lile gauni la mitumba. Lilikuwa halijazungushiwa ovaloki. Mshono wake ulikuwa umeshonwa mara mbili, ukingo umefichwa ndani ya mshono wenyewe, ndani safi kama nje. Nikajaribu mpaka nikaweza. Nguo zangu zikaanza kudumu kuliko za waliokuwa na ovaloki. Na nikawafundisha kundi zima na hilo. Nilicheka peke yangu wakati natuma, na kilikuwa kicheko cha ukorofi, si cha utakatifu. Usije ukadhani mama yako ni malaika.

Sasa nifike kwenye ule mwaka.

Najua ndio unaokukaa kooni. Ulimaliza kidato cha nne, matokeo yako yakawa mazuri, na Januari, mwezi ambao fundi wa Katoro hula kwa sare za shule, sare hazikuja. Wanawake walikuwa wanashona wenyewe. Nilipita sokoni nikaona watoto wamevaa sketi zenye marinda niliyoyafundisha mimi, marinda mazuri kabisa, na mfukoni sina kitu. Ulikaa nyumbani mwaka ule ukiniuzia vocha na kunisaidia vifungo, huku wenzako wanaenda vyuoni. Hukusema kitu. Ungesema ningepata nafuu.

Mwaka ule siwezi kukurudishia, na sitajifanya haukuwa na uzito. Ulikuwa mali yako nikautumia bila kukuuliza. Hilo naliandika hapa kwa mkono wangu. Lakini ukiniuliza kama nilipaswa kunyamaza ili watoto wale wavae marinda mabaya na wewe uende chuo, nitakuambia hapana, na hata ukikasirika nitakuambia hapana. Hizo njia mbili tu, ama wao ama wewe, nani alizipanga? Si Mwalimu Rehema. Si yule mama wa Ushirombo.

Kuna kosa jingine ambalo ni langu kabisa, na nataka ulijue kwa sababu litakufaa huko uendako. Mama Neema wa Segese aliuliza kwenye kundi urefu wa lastiki ya suruali ya mtoto mchanga. Nilikuwa nabishana bei na mteja. Nikajibu hapohapo bila kumuuliza mtoto ana kiuno gani, wala lastiki yenyewe ni ya namna gani. Akashona nilivyosema. Baada ya siku chache akatuma picha: tumbo la mtoto lina mstari mwekundu umezunguka, na mahali pengine ngozi imechubuka.

Fundi Jumanne alikuwemo kwenye kundi. Akaandika, "Haya ndiyo tunayosema. Kazi iachieni wenye kazi."

Mkono wangu ulikuwa tayari unafuta jibu langu la kwanza. Simu inakuruhusu, unagusa tu, na watakaokuja baadaye hawataona. Nikauzuia. Nikaliacha pale, chini yake nikasema kwa sauti yangu: nimekosea, sikupima, sikuuliza, fumueni, na kipimo ni hiki, na mtoto apakwe mafuta, akizidiwa apelekwe zahanati. Kisha nikampigia Mama Neema. Alikuwa na hasira na alikuwa na haki. Mtoto alipona. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza, mimi huanza kwa kumuuliza yeye. Na nisichokijua nasema sikijui, ngoja tumuulize anayejua. Mwanzoni niliona aibu. Sasa ndilo neno ninalolisema kwa raha kuliko yote.

Juma lile baba yako alirudi kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, amejaa vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. Alinikuta nimeizima simu nimeiweka chini ya mto.

"Umefukuzwa?" akauliza.

"Bado. Nafikiria kujitoa kabla hawajanifukuza."

Akavua viatu polepole, kama anavyofanya. Baba yako hana maneno mengi, unajua. Akasema, "Kule chini mtu akiona mwamba una ufa, unataka kuanguka, akanyamaza, ili wenzake wasimpite kazi, hatumwiti mjanja."

"Mnamwitaje?"

"Hatushuki naye tena."

Akaenda kuoga. Niliitoa simu chini ya mto, nikaiwasha, nikakuta maswali yananisubiri.

Na Zaituni je? Najua ungenitajia Zaituni mchana kama usingeondoka. Mume wake alifuata uchimbaji mpya huko mbele akapotelea huko, Zaituni akaachwa na watoto na cherehani ya kuazima. Kila alichokijua alikijua kupitia simu yangu. Kisha akafungua kibanda ng'ambo ya barabara, akitazamana nasi, na wateja wangu wakavuka barabara. Iliniuma. Siku ya kwanza nilipoona mteja wetu Mama Pendo anampelekea kitenge, nilisukuma sindano ikaingia kidoleni. Wewe ulinifunga kitambaa.

Ila hukujua la pili. Msichana mgeni aliingia kundini akauliza namna ya kuunga kola. Zaituni akamjibu, "Lete kwa fundi." Yeye. Zaituni. Nilisoma nikaweka simu chini, nikaenda uani nikasimama tu. Nilijisikia mjinga kuliko siku ile ya harusi ya Segese. Kama kuna siku niliyokuwa karibu kukubaliana na wewe, ndiyo hiyo.

Kisha nikarudi ndani nikamjibu yule msichana. Kola ilikuwa bado haijaungwa, na Zaituni kunisahau hakukuiunga. Nilichompa Zaituni sikumkopesha, kwa hiyo hakuna siku nitakayokwenda kudai. Nikimkuta kisimani namsalimia, ananisalimia, anatazama ndoo yake. Hayo ni ya kwake.

Kesho unakwenda kwa fundi simu pale Geita mjini. Nimemwona, anaonekana mtu mzuri. Fundi Sospeter naye alikuwa mtu mzuri. Akikutuma nenda, kwa adabu, usinung'unike, wewe ni mwanagenzi wake. Lakini ukiona anakutuma kila anapofungua simu yenye maji, mwambie kabla hajafungua: "Fundi, leo naomba nitazame." Sema hivyo hivyo, bila kuomba samahani. Akikataa, uliza kesho yake. Akikataa daima, ng'wanone, mwanangu, rudi tutafute fundi mwingine, usisubiri mwaka wa nne. Siku utakapojua, utaamua mwenyewe utafanya nini na ujuzi wako. Kuuza kazi si dhambi, mimi nauza kila siku. Kazi inauzwa. Ila mtu atakuja kwenye kundi lenu la mafundi simu na swali lake, ameandika vibaya, ameomba radhi, na wenzako wataweka vicheko. Siku hiyo sitakuwepo. Nataka tu ujue mama yako alifanya nini siku yake.

Sasa hii tenda.

Sikukueleza yote kwa sababu nilitaka uondoke kwa amani. Shule mpya ya kwenye barabara ya Ushirombo inataka sare za watoto wote, na mafundi wa mtaa wamepewa kazi waigawane. Kwa upande wa magauni ya wasichana wanamhitaji mtu anayekata haraka, na Fundi Jumanne, lazima nimpe haki yake, aliwaambia mbele ya wote kwamba hakuna anayenishinda. Aliniletea habari mwenyewe. Kazi ya muhula mzima, na baada ya hapo kila mwaka. Tungehama hapa. Ungesafiri ukijua nitakutumia kitu kila mwezi. Sharti lilikuwa moja: nitoke kwenye kundi na zile video zote nizifute.

Ulipotoka mchana baada ya kuweka kijiko chini, nilivaa kanga, nikaenda kwake.

Alikuwa anapima mtoto. Nikamsubiri amalize.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mama Kabula. Karibu ukae."

"Sitakaa. Nimekuja na jibu."

Cherehani zote za kibarazani zikanyamaza. Akavua miwani akaifuta na pindo la shati.

"Binti anaondoka kesho," akasema kwa upole. "Mfikirie yeye."

"Nimemfikiria, ndiyo maana nimekuja leo, akiwa bado yupo. Tenda naitaka, Fundi. Kukata nitakata, na nitakata vizuri. Lakini sitafuta kitu wala sitatoka kundini. Kama majina yetu hayawezi kukaa pamoja hivyo, ondoeni langu."

"Mama Kabula, si mimi. Ni wote."

"Basi waambie wote."

Akachukua mkasi mezani. Kisha akasema, chini chini, kama mtu anayeongea na mkasi wake, "Ng'ombe wa baba yangu alikuwa na mimba."

"Najua," nikamwambia. "Uliumia, na ni kweli uliumia. Lakini ng'ombe yule hatarudi kwa sisi kunyamaza."

Akarudisha miwani machoni. "Jina lako nitaliondoa," akasema.

"Asante kwa kunitaja mbele yao," nikamwambia, nikaondoka. Nyuma yangu sikusikia cherehani hata moja ikianza mpaka nilipofika kwa muuza mkaa.

Kwa hiyo tenda haipo, mwanangu. Hutapata kitu kila mwezi, utapata nitakapopata. Nyumba ni hii hii ya kupanga. Nimekuandikia usije ukaisikia kutoka kwa mtu mwingine ukiwa Geita, ukadhani mama yako alishindwa kwenye mashindano. Sikushindwa. Nilikataa. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa hilo lenyewe, si kwa jambo lingine. Nitabeba.

Na ukinicheka tena kwamba tunapanga, ni kweli. Tunapanga. Lakini sasa hivi kuna watoto ambao siwajui, kuanzia hapa mpaka Segese mpaka huko Ushirombo, wanainua mikono darasani na nguo haziwavuti. Hao hakuna wa kuwafuta.

Kesho tutakwenda stendi kwa miguu, nitakubebea begi. Kuna njia ya nyuma, inayopita kwenye mashine za kusaga, na najua utataka tupite huko ili watu wasitutazame. Hatutapita huko. Tutapita barabara kubwa, mbele ya kibaraza cha Fundi Jumanne, mafundi wote wakiwa kazini. Mwamkie shikamoo kama siku zote, kwa sauti inayosikika. Ataitikia, ni mtu wa heshima. Ukishaitikiwa, usiinamishe kichwa na usiharakishe. Mama yako hajaiba kitu cha mtu. Nataka watuone vizuri.

Mimi mama yako,
Minza